Jinsi Kengele Yetu ya Zamani Ilivyogeuzwa Kuwa Muziki

Tangu Siku ya Wazazi watu wengi wameniuliza sauti ile iliyokuwa ikisikika bwaloni wakati wa chakula ilikuwa kitu gani. Wengine walidhani ni upepo katika mabati. Mzazi mmoja, mtu mzima na heshima zake, alimwita kiranja wa bwalo akamwambia kwa upole kwamba spika ya shule imeharibika, inavuma. Mama mwingine alisema hakusikia kitu chochote, ila alishangaa jinsi alivyokaa pale muda mrefu bila kuchoka. Kwa kuwa Mhariri ameniomba nieleze, nitaeleza, tena kwa namna ambayo mtu yeyote akitaka kujaribu aweze.

Sauti ile ilikuwa ni kengele yetu. Nasema kile kipande cha reli kilichoning'inia katika mwembe karibu na ofisi, ambacho kimetuamsha sisi kila siku, na kabla yetu kiliwaamsha baadhi ya wazazi waliosoma hapa. Muhula huu kimeteremshwa, na mahali pake imefungwa kengele ya umeme. Sababu twaijua sote: mabweni mapya yako mbali, na sauti ya reli ilikuwa haifiki huko upepo unapovuma kwa upande mwingine. Sina neno juu ya jambo hilo. Mtu aliyekosa uji kwa kutosikia kengele hawezi kulaumiwa akiipenda ya umeme. Lakini tulipopata habari hiyo mwishoni mwa muhula uliopita, niliwaza hivi: picha za majengo ya shule zimetundikwa ofisini tangu zamani, ila sauti ya shule haimo popote. Chuma kikishateremshwa chaweza kuwekwa ghalani. Sauti haiwekwi ghalani, isipokuwa kwanza inaswe.

Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo nilikwenda kwa Mwalimu wa Fizikia, ambaye anakaa hapa hapa shuleni, nikamwomba aninasie sauti ya reli kwa simu yake. Alikubali. Ndiye aliyeniambia pia kwamba uko muziki unaotengenezwa kwa sauti za namna hii, nao unaitwa ambienti.

Ambienti ni neno la kigeni, maana yake ni kile kinachotuzunguka. Muziki huu haukusudiwi kuimbwa wala kuchezwa, wala haumtaki mtu aache shughuli zake aje kuutazama. Mfano wake ni udi. Mtu akifukiza udi chumbani, wageni hawakai wakiukodolea macho moshi. Huzungumza mambo yao, na chumba huwa chumba kingine. Anayetaka kuivuta harufu na kusema huu ni udi mzuri, aweza, asiyetaka, haimsumbui. Ndivyo muziki huu utakiwavyo kuwa.

Aliyeupa jina hilo ni Mwingereza, Brian Eno. Mwezi wa Januari 1975 aligongwa na teksi huko London, akawa amelala kitandani akijiuguza. Rafiki yake mmoja akamletea santuri ya muziki wa kinubi. Rafiki alipokwisha kuondoka, Eno akajikokota, akaiweka santuri, akarudi kulala. Ndipo alipotambua kwamba sauti imefunguliwa chini mno, na spika ya upande mmoja haifanyi kazi kabisa. Nguvu za kuinuka tena hakuwa nazo, na nje mvua ilikuwa ikinyesha. Basi akalala akisikiliza kinubi kilichochanganyika na mvua, mara chasikika, mara chapotea, akaona kwamba hiyo nayo ni njia ya kusikiliza muziki. Baadaye alitoa santuri aliyoiita Music for Airports, yaani muziki wa viwanja vya ndege, mahali ambapo watu husubiri wakiwa na wasiwasi. Alieleza kwamba muziki wa namna hii sharti uweze kusikilizwa kwa makini, na vilevile uweze kupuuzwa bila ubaya wowote.

Kabla yake alikuwapo Mfaransa Erik Satie. Mwaka 1920 huko Paris aliandaa muziki wa kupigwa wakati wa mapumziko katika nyumba ya maonyesho, akautaka uwe kama meza na viti, watu waendelee na mazungumzo yao. Muziki ulipoanza, watu wakanyamaza wakarudi kukaa kwa adabu. Yasemekana Satie alipita katikati yao akiwahimiza waongee. Bwaloni kwetu hakuna aliyehitaji kuhimizwa.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Tulikwenda mwembeni Jumamosi moja saa kumi na moja alfajiri, magari yakiwa bado hayajaanza kupita barabarani. Mzee mlinzi, ambaye ndiye mpigaji wa kengele, alipiga mara moja, akangoja mpaka sauti ikaisha kabisa, ndipo akapiga tena. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu. Siku zote tunasikia nga-nga-nga tu, kwa sababu pigo jipya huja kabla la kwanza halijafa. Pigo moja likiachwa peke yake huendelea kulia muda mrefu kupita mtu anavyodhani, na mwisho wake husikika kama mbu aliye chumba cha pili.

Tulinasa mahali patatu: hatua moja kutoka kwenye reli, hatua kumi, na ndani ya bwalo tupu madirisha yakiwa wazi. Simu ilivikwa soksi safi ili upepo usiipige, ikalazwa juu ya sweta iliyokunjwa ili isipokee mtetemo wa meza. Sauti ya hatua moja ilikuwa na nguvu lakini kali. Niliichagua ile ya bwaloni, kwa kuwa kuta zilikuwa zimekwisha kuilainisha bila gharama yoyote.

Mlio wa chuma una sehemu mbili. Ya kwanza ni kishindo, pale nyundo inapokutana na reli. Hicho huisha kabla hujapepesa jicho. Ya pili ni mlio unaobaki, nao si sauti moja bali ni nyingi kwa pamoja, nyembamba na nene. Zile nyembamba hufa mapema, nene hubaki nyuma. Sasa, jambo la ajabu ni hili: sikio letu hukitambua kitu kwa kishindo chake. Ukikikata kishindo ukaacha mlio peke yake, ni vigumu tena mtu kujua kwamba ni kengele. Pierre Schaeffer, fundi wa redio ya Ufaransa, aliliona jambo hili mwaka 1948 alipokuwa akifanya majaribio studioni Paris. Aliiondolea kengele mwanzo wake, na kilichobaki kikafanana na ala ya kupulizwa. Mlio wa reli yetu ulifanana na kinanda cha kanisa kinachosikika kutoka ng'ambo ya mto.

Programu niliyotumia katika chumba cha kompyuta inaitwa Audacity. Haiuzwi, ilianza kutolewa mwaka 2000, na inakubali kufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu kama zetu. Sauti huonekana kwenye kioo kama mlolongo wa vilima na mabonde. Kukata kishindo ni kuchagua kile kilima kirefu cha kwanza na kukifuta, kisha kuufanya mlio uliobaki uingie polepole kutoka kimya, kama kibatari kinachopandishwa utambi.

Baada ya hapo nilihitaji sauti nyingine za kuandamana na hiyo, nami sina ala, wala sijui kupiga ala. Lakini kompyuta inapoitunza sauti, kazi yake ni kuipima mara 44,100 katika kila sekunde na kuandika namba. Ukiiambia izisome namba hizo kwa nusu ya mwendo, mambo mawili hutokea pamoja: mlio wa sekunde 6 unakuwa wa sekunde 12, na sauti yenyewe inashuka oktavu nzima. Wanakwaya watanielewa. Ikiwa reli ililia do ya juu, sasa inalia do ya chini. Ukiisomesha kwa theluthi mbili za mwendo, sekunde 6 zinakuwa 9, na sauti inashuka kutoka do ya juu hadi fa. Basi kwa pigo moja tu la Mzee nilipata sauti tatu zinazopatana. Hili lilinifurahisha kuliko yote. Mimi si mwanakwaya, na Mwalimu wa Kwaya anajua kwa nini.

Sasa twafika kwenye kiini cha kazi, na wasioipenda Hisabati wavumilie kidogo. Kila sauti katika zile tatu niliiweka katika kipande chake: mlio, halafu kimya, halafu kipande kinaanza tena, hivyo hivyo bila kukoma. Swali ni urefu wa kila kipande. Tuseme vipande vina sekunde 10, 15 na 20. Kila baada ya sekunde 60 vyote vitaanza pamoja tena, na katika dakika tatu msikilizaji atakuwa amekwisha kujua kitakachofuata. Akikijua, ama atachoka ama ataudhika. Kwa hiyo nilichukua namba tasa: 17, 19 na 23. Hapo ndipo Kigawe Kidogo cha Shirika, kilichotutoa jasho katika shule ya msingi, kilipopata kazi. Zidisha 17 kwa 19 kwa 23, utapata 7,429. Yaani vipande hivyo vikianza pamoja sasa, havitaanza pamoja tena mpaka zipite saa mbili, dakika 3 na sekunde 49. Chakula cha Siku ya Wazazi kilichukua saa moja na nusu. Hakuna mgeni aliyesikia mpango ule ukirudi mwanzo.

Ni kama walinzi watatu wanaozunguka uwanja mmoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Mara wawili wanakutana golini, mara wote wametawanyika, mara mmoja yuko peke yake upande wa jikoni. Hakuna aliyewapangia wakutane wapi, lakini mtu anayewatazama kwa mbali huona kama wanacheza gwaride la polepole. Mimi sikutunga wimbo. Nilichagua miendo mitatu tu, nikaiacha ikutane yenyewe.

Eno alifanya jambo hilo hilo kwa tepurekoda. Katika sehemu moja ya santuri yake alinasa watu wakiimba noti moja moja, akauunganisha kila utepe ncha kwa ncha uwe duara. Duara hizo zilikuwa ndefu mno, hata ikabidi utepe uzungushwe kwenye viti vya aluminiamu studioni. Duara moja ilirudi kila sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Kile kilichomtaka yeye chumba na viti vyake, leo mwanafunzi anakifanya kwa kipanya.

Pale kipande kinapoisha na kuanza tena, sharti pakatwe mahali penye kimya. Ukikata katikati ya kilima, spika hurushwa ghafula na utasikia "tki". Mtu hawezi kupuuza "tki" inayorudi kila sekunde 17.

Sauti ya nne ni ufagio wa chelewa. Kila asubuhi uwanja wetu hufagiwa, na sauti ya kufagia haina noti. Ndani yake mna sauti nyingi kwa pamoja, kama mvua. Niliitaka ili kimya kilicho kati ya milio kisiwe kama shimo. Lakini mfagiaji hodari hufagia kwa mapigo, shaa, shaa, shaa, na mapigo humfanya mtu atikise mguu. Programu ina njia ya kurefusha sauti bila kuishusha, basi niliurefusha ufagio mara nane. Fagio la sekunde moja likawa wimbi la sekunde nane. Halafu nikazipunguza zile sauti nyembamba zenye mitetemo zaidi ya 4,000 kwa sekunde, ambazo ndizo humchoma mtu sikioni, na wimbi likasogea mbali. Kipande cha ufagio nilikipa sekunde 29. Sasa ukivitaka vyote vinne vianze pamoja tena, itakupasa ungoje siku 2 na saa 11, dakika 50 na sekunde 41. Mwalimu wa Hisabati ameikagua hesabu hiyo.

Vingi nilivinasa nisivitie: kunguru wa jalalani, masufuria yakioshwa, mvua juu ya bati, na sauti ya mwalimu wa zamu akiita jina la mtu ambaye sitamtaja. Jina lile lilinasika vizuri sana, nami nililiacha kwa sababu moja. Neno la binadamu likisikika, hata kwa mbali, sikio hulikimbilia, haliwezi kujizuia. Anayeanza kazi hii atajikuta siku nyingi akiondoa kuliko akiongeza.

Namna ya kuupima muziki huu si kuusikiliza. Ni kufanya kazi nyingine. Wenzangu wanne walikubali kujisomea usiku katika chumba cha kompyuta huku unalia kwa sauti ya chini, kila mmoja na karatasi pembeni. Kila alipoinua kichwa kwa sababu ya sauti, atie alama na kuandika saa. Jioni ya kwanza alama zilirundikana mahali pamoja, pale do ya juu iliposikika peke yake bila nyingine. Nikaipunguza do ya juu mpaka nusu. Jioni ya tatu karatasi mbili hazikuwa na alama, na mwenye karatasi mojawapo alikuwa amelala. Tulijadiliana sana kama huyo ahesabiwe.

Nilimpelekea Mzee mlinzi asikilize kabla ya mtu mwingine. "Shikamoo, Mzee," nikamwambia, "hii ndiyo reli yako." "Marahaba, mwanangu," akasema, akatega sikio. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikadhani ananihurumia. Kisha akasema, "Hapa nimepiga kwenye ncha, si katikati." Nilitazama daftari langu. Kweli, pigo lile lilikuwa la nne, na pembeni yake Mwalimu alikuwa ameandika "ncha". Mwalimu wa Fizikia alinieleza baadaye kwamba reli ikipigwa mwisho wake hutetemeka kwa mtindo mwingine kuliko ikipigwa katikati, na mchanganyiko wa sauti nene na nyembamba hubadilika. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukata kishindo, nikaurefusha mlio maradufu, na bado mtu aliyeipiga kwa miaka mingi aliitambua kazi ya mkono wake.

Mwalimu wa Kwaya hakubali bado. Yeye asema wimbo sharti uondoke mahali ufike mahali. Naona ana haki kuhusu wimbo. Huu si wimbo. Mawimbi ya bahari hayafiki popote, na watu husafiri kwenda kukaa mbele yake. Wako pia wanafunzi walioniambia kwamba haya ni mambo ya Ulaya tuliyoyaokota. Kwao nina jibu jingine.

Mwaka 1944, yaani miaka minne kabla ya Schaeffer kukata kengele yake, Halim El-Dabh wa Misri aliazima katika kituo cha redio cha Cairo mashine ya kunasia sauti kwenye waya. Akaenda nayo kwenye ngoma ya zaari, ambayo ni ngoma ya kutuliza pepo, akawanasa wanawake wakiimba. Halafu akaichukua sauti ile studioni, akaondoa baadhi ya sehemu zake, akaipitisha katika chumba chenye mwangwi na kuinasa upya, mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo mmoja wa watu wa kwanza duniani kufanya kazi ya namna hii aliifanya katika bara letu, kwa ngoma ambayo watu wa pwani hawataiona kuwa ngeni. Na katika siku zetu yuko kijana wa Nairobi, Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu wa jina hilo hilo aliyefariki mwaka 2018. Yeye hunasa sauti za mahali na kuzifanya muziki, na albamu yake Peel, iliyotolewa mwaka 2020, imesikilizwa sana na wapenzi wa muziki huu Ulaya na kwingineko. Wanaosema ni mambo ya Ulaya wangemsikiliza kwanza huyo.

Faili la dakika 90 lililosikika Siku ya Wazazi limewekwa katika kompyuta ya maktaba. Kando yake limewekwa jingine fupi, lenye jina "Reli". Hilo ni pigo lenyewe la kengele, na kishindo chake, bila kukatwa wala kurefushwa, kama lilivyonaswa alfajiri ile. Mzee mlinzi anastaafu mwisho wa mwaka huu, naye amepewa nakala ya yote mawili katika kadi ya simu yake.

Anayetaka kujaribu aje chumba cha kompyuta Jumamosi yoyote baada ya usafi. Kompyuta ya tatu kutoka mlangoni ndiyo yenye programu. Aje na soksi moja ya kuvalisha simu ya Mwalimu, nayo iwe imefuliwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu